Majira ya Madume: Juu ya Swala, Wawindaji na Mapori ya Kilwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Barua ya Katibu ilinitaka niseme machache juu ya uwindaji. Nadhani kamati ilikumbuka kwamba wengi wetu tumetoka katika nyumba ambamo nyama ya mwitu ilikuwa kitoweo cha kawaida, na kwamba hakosekani mtu katika ukumbi huu ambaye babu yake alikuwa na gobori nyuma ya mlango. Basi nitausema uwindaji, ila kwa upande ambao haujazoeleka sana katika mazungumzo yetu. Nitasema juu ya majuma machache ya mwaka ambayo wanyama wa porini hutafutana, madume wakapambana, na mimba za mwaka ujao zikatungwa. Shabaha yangu ni moja. Sisi watu wa Kilwa na Lindi tumezoea kuhesabu wanyama na kuhesabu leseni, lakini hatujajifunza kulinda wakati na mahali pa wanyama kuzaana. Pasipo vitu hivyo viwili, hesabu zote hatimaye huishia kwenye sifuri.

Katika nchi za baridi majira haya yanajulikana kwa kila mwindaji. Huko Scotland madume ya kulungu wekundu hunguruma mabondeni mwezi wa Oktoba. Katika milima ya magharibi ya Marekani yuko mnyama wa jamii hiyo hiyo, mwenye uzito wa kilo 300 na zaidi, aitwaye elk, ambaye dume wake hupiga mbinja ndefu inayosikika bonde zima mwezi wa Septemba. Wawindaji wa huko huwa na vipyenga vya kuigiza mlio huo. Dume akidhani amejiwa na mshindani, hujileta mwenyewe mbele ya bunduki. Majira hayo ni yale ya majani kupukutika, ambayo vitabu vyetu vya jiografia viliyaita "vuli". Mtakumbuka jinsi neno hilo lilivyotutatiza darasani, maana kwetu vuli ni mvua, na majani hayapukutiki bali huchipua.

Walakini ukiitazama sababu yenyewe utaona kwamba mambo hayako mbali sana. Kinachowaamsha kulungu wa Ulaya ni mchana kuanza kufupika. Kusini ya Ikweta mchana hufupika kati ya Machi na Juni. Kwa hiyo swala pala wa kusini mwa Afrika hupandana hasa Aprili na Mei, karibu wote ndani ya majuma machache. Wale walio karibu na Ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, huzaana mwaka mzima, ingawa wana vipindi vya wingi na vya uchache. Kilwa, iliyo karibu nyuzi 9 kusini, iko katikati ya hali hizo mbili. Hivyo mtu akiniuliza "vuli" ya swala wetu ni lini, nitamjibu kwamba ni pale masika yanapokatika, upepo wa kusi unapoanza kushika nguvu na umande wa asubuhi unapolowesha suruali mpaka magotini.

Hesabu ya jambo hili ni rahisi hata kwa mwanafunzi wa darasa la nne. Swala pala hubeba mimba kwa muda wa miezi sita na nusu hivi. Aliyetunga mimba katikati ya Mei atazaa mwanzoni mwa Desemba, wakati mvua zinaanza na majani mabichi yanachomoza. Mama anapata maziwa, mtoto anapata majani laini ya kujifunzia kula. Tena watoto wengi wanapozaliwa kwa pamoja, fisi, chui na mbwa mwitu hushiba kabla hawajawamaliza. Aliyechelewa kutunga mimba huzaa peke yake, wakati walaji wote wanamtazama yeye. Kumbe ile ghasia ya madume mwezi wa Mei ndiyo inayoamua ni watoto wangapi watakaoiona masika ifuatayo.

Ndugu Mwenyekiti, mambo haya sikuyapata katika vitabu peke yake. Katika wiki ya mwisho ya Mei mwaka 2022, sisi wanne, wote wa shule hii, tulikubaliana kwenda porini magharibi ya wilaya ya Kilwa. Mmoja wetu alikuwa na nia ya kuomba leseni ya kuwinda msimu utakapofunguliwa Julai, naye alitaka kwanza kuijua nchi. Wengine tulitaka kuona tu. Bunduki hatukuchukua. Tulikuwa na darubini mbili, mahema, mchele, dagaa, mapipa ya maji, na mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa askari wa wanyamapori, akiwafuata mabwana nyama wengi waliokuja na kuondoka. Yeye ndiye alikuwa darubini yetu ya tatu, na kubwa kuliko zile mbili.

Tuliiacha lami Nangurukuru, tukashika njia ya Njinjo. Masika yalikuwa yamekwisha juu, lakini chini hayakuwa yamekwisha. Katika mbuga ya udongo mweusi gari letu lilizama mpaka vyuma, tukalisukuma kutoka saa nne hadi adhuhuri, na mwenzetu ambaye siku hizi ni mtu mkubwa kidogo ofisini alitoka humo akifanana na ngiri. Tulipita mashamba ya ufuta, kisha miombo, kisha nchi iliyochanganyika, miombo hapa na uwanda wa nyasi fupi pale. Mzee akasema tufunge mahema. Jina la mahali hapo sitalitaja hadharani, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtaelewa kwa nini.

Usiku ule wa kwanza tulisikia sauti iliyotutoa usingizini. Ilikuwa kama mkoromo mzito, kisha mngurumo unaokatika-katika, kama mtu anayepasua mbao kwa msumeno mbovu huku amekasirika. Mmoja wetu alisema ni chui. Mwingine, ambaye sitamtaja kwa kuwa amekaa safu ya pili, alisema ni simba, akaenda kulala ndani ya gari. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Huyo ni swala, wanangu," akasema. "Dume. Anasema hapa pana mwenyewe." Ndugu zangu, mimi nimekula nyama ya swala tangu sijaota meno ya ukubwani, na sikujua kwamba mnyama huyu mpole ana sauti ya namna ile. Anayo, lakini huitumia sana katika majira hayo tu.

Asubuhi tulimwona mwenyewe. Dume wa swala pala ana uzito wa kilo 60 hivi, na pembe zilizopinda kama kinanda cha Wayunani wa kale. Jike hana pembe kabisa. Huyu alikuwa amesimama kwenye uwanda mfupi, mbele ya majike kama ishirini na tano. Alikuwa akifanya kazi nne kwa pamoja. Ya kwanza, kuwazuia majike wasitoke kwenye uwanja wake. Ya pili, kunusa na kutafuta ni yupi aliye tayari, maana jike huwa tayari kwa muda mfupi sana na asipopatikana siku hiyo imepita. Ya tatu, kusugua paji la uso wake kwenye vichaka, akiacha mafuta yenye harufu ya kuonya wengine. Ya nne, kuwafukuza wale waliokuwa wakichungulia pembeni.

Hao wa pembeni ndio walionichekesha zaidi. Swala pala madume wasio na uwanja hukaa pamoja, wakubwa kwa wadogo, katika kundi la makapera. Hula vizuri, husukumana pembe kwa mchezo, hunenepa na kungoja. Mara kwa mara mmoja hujitia ushujaa, huvuka mpaka, hufukuzwa mbio, na kurudi kwa wenzake akijifanya hakuwa na safari ya huko. Mwalimu Mkuu, sina haja ya kukueleza zaidi. Wewe umesimamia mabweni.

Lakini kucheka kulikoma tulipomtazama yule bwana wa uwanja kwa karibu. Mbavu zilihesabika. Kwa muda wa saa tano mfululizo nilizomwangalia kwa darubini, aliinamisha kichwa kula mara chache sana, naye hakumaliza tonge hata moja kabla ya kukimbia tena. Masikio na shingo yake vilijaa kupe. Wataalamu waliowachunguza swala wameeleza jambo hilo: dume anayeshika uwanja hana wasaa wa kujisafisha kwa meno na ulimi kama wafanyavyo wengine, hivyo hubeba kupe wengi kuliko majike na kuliko makapera. Mamlaka ile aliyoililia kwa sauti ya simba ilikuwa inamla. Dume wa namna hii hushika uwanja kwa majuma machache, kisha nguvu humwishia, hushindwa na mmoja wa wale waliokuwa wakinenepa pembeni, naye hurudi kwa makapera kujiponya. Waswahili wamesema fahali wawili hawakai zizi moja. Porini nimeona kwamba hata fahali mmoja hakai humo kwa muda mrefu.

Siku ya tatu tulishuhudia mabadilishano hayo. Alikuja dume mwenye shingo nene, manyoya yanang'aa. Walitembea sambamba kwanza, wakipimana. Wakainamisha vichwa, pembe zikagongana. Tulisikia mlio wake kutoka umbali wa mita mia mbili. Hapakuwa na damu. Kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai yule wa zamani alirudi nyuma hatua kwa hatua, kisha akageuka akakimbia. Majike walikuwa wakiendelea kula.

Ningetaka vijana wafahamu kwamba kila mnyama ana taratibu zake. Palahala, ambaye mapori yetu ya kusini ni mojawapo ya makao yake makubwa, hupigana akiwa amepiga magoti ya mbele, na pembe zake zilizopinda kama jambia humpa kila mmoja sababu ya kuwa mwangalifu. Tandala hufungana pembe zile za mzunguko, na imepata kutokea zikashikana zisiachane, wote wawili wakafa hapo hapo. Kongoni dume hupenda kusimama juu ya kichuguu, aonekane na aone. Nyumbu wa Selous, ambao wengi wao wana utepe mweupe juu ya pua, hushika kila dume kiwanja chake na kukilinda kwa kelele na mikiki. Jambo linalowaunganisha wote hawa ni hili: katika majira hayo dume husahau hofu.

Hapo ndipo neno la uwindaji linapoingia. Siku ya pili mmoja wetu alijaribu kumsogelea yule swala kwa miguu, bila kujificha sana. Dume ambaye katika mwezi wa Septemba angekimbia kwa umbali wa mita mia mbili, alimwacha afike kama mita arobaini, akamtazama, akakoroma, akarudi kwenye shughuli zake. Rafiki yetu alirudi akasema, "Huyu ningempiga hata kwa manati." Mzee hakucheka. Alisema, "Amelewa, mwanangu. Mlevi hapigwi."

Maneno hayo mawili ya mwisho nimeyafikiri sana. Mtu anaweza kusema: ukimuua dume mmoja, si mwingine yuko pembeni anangoja? Kweli yuko. Kwa dume mmoja kundi halitakwisha. Lakini wanaowinda kwa magendo hawaui mmoja. Siku ya nne mzee alituonyesha, kwenye njia nyembamba inayoingia uwanda ule, tanzi tatu za waya wa breki ya baiskeli, zimefungwa kwenye miti midogo kwa urefu wa shingo ya swala. Aliyetega aliijua vizuri tabia ya wanyama. Alijua kwamba majira haya dume hukimbia njia ile ile mara kumi kwa siku akifukuza na kufukuzwa, macho yake yakiwa kwa mshindani. Tena tanzi haichagui. Hunasa dume, jike, na mbwa mwitu, ambaye Selous ni mojawapo ya ngome zake kubwa za mwisho barani Afrika. Mzee alizikata moja moja, akazikunja na kuzitia mfukoni.

Sasa tufikiri kama watu waliosoma. Uwanja mmoja ukiondolewa dume leo, na mrithi wake kesho kutwa, na mrithi wa mrithi wiki ijayo, majike watazunguka. Siku ya kila mmoja kuwa tayari itapita, naye atangoja mzunguko mwingine. Mimba ambazo zingetungwa ndani ya majuma matatu zitatawanyika. Watoto watazaliwa mmoja leo na mwingine mwezi ujao, mbali na lile jani la kwanza la mvua, na fisi atawapata kwa zamu. Ukipita na kuhesabu mwaka huo, utasema wanyama wapo, kwa kuwa majike unawaona. Hasara haitaonekana mpaka mwaka wa pili au wa tatu. Hivyo ndivyo pori linavyofilisika.

Sheria yetu inajua nusu ya jambo hili. Msimu wa kuwinda hufunguliwa tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 31 Machi. Aprili, Mei na Juni bunduki za halali hunyamaza. Wengi hudhani ni kwa sababu ya matope tu. Lakini kwa swala pala miezi hiyo mitatu ndiyo yenyewe hasa. Kadhalika sheria inakataza kuwinda mnyama mchanga na jike mwenye mimba au mtoto, inakataza kuwinda kwa gari, na inakataza sumu na tanzi. Hata huko nyuma Serikali haikusita kufunga kabisa: mwaka 1973 uwindaji wa leseni ulipigwa marufuku nchi nzima, ukafunguliwa tena mwaka 1978. Kwa hiyo wakati umelindwa, angalau kwenye karatasi. Kisicholindwa ni mahali.

Ndugu Mwenyekiti, hapa naomba niseme kama mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ya kila siku ni mipango ya ardhi. Uwanja wa madume haupatikani popote. Sharti uwe wazi kiasi cha dume kuonekana na kusikika, uwe na nyasi fupi za kuwavuta majike, na uwe na maji si mbali. Katika nchi yetu ya miombo minene, nyanda za namna hiyo ni chache, na wanyama huzirudia mwaka hadi mwaka. Kwa bahati mbaya sifa hizo hizo ndizo anazozitafuta mkulima wa ufuta, ambaye hataki kung'oa visiki, na ndizo anazozitafuta mfugaji. Tangu mifugo iliyoondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007 ilipoelekezwa mikoa ya Pwani na Lindi, mabonde yetu yana ng'ombe ambao babu zetu hawakuwajua. Simlaumu mkulima wala mfugaji. Kila mmoja anatafuta riziki yake kwenye ardhi aliyoambiwa ni tupu. Ninachosema ni kwamba haikuwa tupu. Ilikuwa ni uwanja unaotumika kwa majuma sita tu kwa mwaka, na mtu aliyeipima alikwenda mwezi wa Oktoba.

Najua yupo atakayesimama kuniambia: sisi watu wa Kusini tumekwisha kutoa ya kutosha kwa ajili ya wanyama. Ni kweli, tena historia inamuunga mkono. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilianzia katika vilima vya Matumbi, na njaa iliyofuata iliacha vijiji vingi mahame. Hifadhi ya kwanza ya Wajerumani katika bonde la Rufiji ni ya mwaka 1896. Baadaye Waingereza waliipa jina la Selous, mwindaji na askari wao aliyeuawa Beho Beho mwezi wa Januari 1917. Katika miaka ya 1940, kwa sababu ya malale na kwa mapenzi ya mabwana nyama wa wakati huo, akiwamo Ionides wa Liwale, Wangindo walihamishwa kutoka nchi ya magharibi ya Liwale, na pori likapanuliwa juu ya mahame yao. Mtu ambaye kaburi la babu yake limo ndani ya hifadhi ana haki ya kuuliza. Na yule ambaye shamba lake limekanyagwa na tembo usiku mmoja, akalipwa kifuta jasho kisichotosha mbegu, naye ana haki ya kuuliza.

Jibu langu ni kwamba haya ninayoyasema hayamo ndani ya hifadhi. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huko walinzi wapo na bunduki za uwindaji hazipigwi. Mimi nazungumzia ardhi ya vijiji vyetu, ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 husimamiwa na halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Humo mwenye kuamua ni wanakijiji wenyewe. Nao wameonyesha kwamba wanaweza. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi, vijiji vya hapa hapa Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na mpingo wao ukauzwa kwa faida ya kijiji. Liwale nako wana Jumuiya ya Magingo ya hifadhi ya wanyamapori. Ikiwa tumeweza kumwambia mvunaji wa mpingo ni mti upi akate na upi auache, hatuwezi kushindwa kusema ni uwanda upi usilimwe.

Wala tusidhani kwamba wingi wa leo ni dhamana. Mwaka 1976 tembo wa Selous walihesabiwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2014 walibaki takriban 15,000, na mwaka huo huo Selous iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Hao ni tembo, ambao dunia nzima inawahesabu kwa ndege. Swala hana pembe za thamani sokoni, na hakuna gazeti litakaloandika akitoweka. Atakayeona ni mtoto wa Njinjo atakapouliza sauti ile inayosimuliwa ilikuwaje.

Basi nina mapendekezo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wa chama chetu.

La kwanza, kila mmoja wetu ambaye kijiji chake kiko upande wa pori, na atakaporudi likizo kukuta mpango wa matumizi bora ya ardhi unaandaliwa, asimame mkutanoni aombe wazee na wawindaji wa zamani waulizwe. Ramani za vijiji vyetu zinaonyesha shule, zahanati, visima, malisho na makaburi. Uwanja wa madume hauonyeshwi. Hauhitaji kuandikwa kwa jina wala kutangazwa sokoni, na ndiyo sababu hata mimi sikuutaja wa kwetu. Waya wa breki ni rahisi kupatikana. Unatosha kuwekwa ndani ya eneo la akiba, mipaka yake ikajulikana na halmashauri.

La pili, pale ambapo uwanda hauwezi kuachwa mwaka mzima, uachwe walau kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Mei. Ng'ombe wasipite, mkaa usichomwe, na moto usiwashwe. Mfugaji aliyeambiwa "usilete kabisa" atakuja usiku. Aliyeambiwa "ngoja majuma sita" huenda akasikia, hasa kama alikuwapo mkutanoni siku ya kuamua.

La tatu linahusu shule yetu. Naomba chama kinunue daftari moja kubwa, la jalada gumu, na kulikabidhi kwa klabu ya Malihai ya shule. Kila mwaka wanafunzi wanaotoka vijiji vya bara waandike humo mambo matatu tu: tarehe ambayo mngurumo wa kwanza wa dume ulisikika kwao, tarehe ambayo mtoto wa kwanza wa swala alionekana, na tarehe ya mvua ya kwanza. Haihitaji darubini wala fedha za wafadhili. Baada ya miaka kumi tutakuwa na kitu ambacho hakimo katika ofisi yoyote ya wilaya niliyopata kufanyia kazi: kumbukumbu ya majira ya wanyama wetu, iliyoandikwa na watoto wetu. Tarehe hizo zikianza kuachana, mvua huku na mtoto kule, tutajua mapema kwamba pana jambo.

Ndugu Mwenyekiti, yule mwenzetu aliyetaka leseni aliichukua Julai, akawinda dume mmoja kwa halali, mbali na uwanda ule, na nyama tulikula pamoja. Sikuja hapa kuhubiri kwamba kuwinda ni dhambi. Msasi wa zamani aliwinda, na wanyama walikuwapo, kwa sababu alijua lini pa kwenda na lini pa kukaa nyumbani akashona nyavu zake. Elimu hiyo ilikuwa kichwani mwake, na vichwa hivyo vinatutoka mmoja mmoja kila mwaka. Yule mzee wetu ana umri wa zaidi ya miaka sabini na tano, na hakuna ofisa aliyepata kukaa naye na kalamu mkononi.

Naomba hoja ya daftari ipigiwe kura kabla hatujaenda kula. Gharama yake nitaichanga mimi kwa mwaka wa kwanza, na mlezi wa klabu ameniambia yuko tayari kulipokea.